Jibu: Schneider alikopaje mabilioni bila benki kushtuka?

Ndugu, umeuliza Jürgen Schneider, mfanyabiashara wa majengo wa Ujerumani, alizipataje pesa zile zote kutoka benki. Siri ilikuwa kwenye mita za mraba. Thamani ya jengo la biashara hukokotolewa kwa eneo la kupangisha mara kodi ya mwaka mara kizidishi (idadi ya miaka ya kodi ambayo jengo huhesabiwa kuwa na thamani yake). Ukivimbisha eneo, mkopo nao unavimba. Kwa Zeilgalerie, jengo lake la maduka mjini Frankfurt, Deutsche Bank ilipewa hesabu ya takriban mita 20,000 za mraba, ilhali bango pale pale kwenye ujenzi lilisema 9,000! Kulisoma tu kungetosha. Ziada ya mikopo hiyo ikalipia riba za mikopo ya nyuma, mpaka Aprili 1994 alipotoroka akiacha deni la marki (sarafu ya Ujerumani ya wakati huo) zaidi ya bilioni 5. Kinachoniuma ni mafundi: ankara zao za takriban marki milioni 50 ambazo hawakulipwa, mkuu wa Deutsche Bank aliziita karanga, yaani kitu kidogo tu.