Ukiingia jumba la sanaa, usikimbie

Wiki jana dada mmoja wa Kakamega alinitumia meseji, anasema alienda Nairobi kuona sanaa ya kisasa, akazunguka kuta zote robo saa akatoka hajaelewa kitu, nauli imeenda, sasa anauliza kama hizo sehemu ni za watu wa aina fulani tu. Dada yangu, hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Ilikuwa 2022. NCAI, ile taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilikuwa imefungua milango pale Rosslyn Riviera, jengo la maduka kwenye Limuru Road, na kazi za mchoraji Sane Wadu. Nilitoka Nakuru na gari la alfajiri. Nilikuwa nimeacha kazi ili nichore, na mjomba alishasema kwa kipaza sauti, kwenye harusi ya binti yake, kwamba nimerukwa na akili. Sitadanganya, hilo neno bado linaniuma.

Kufika tu nikatoa simu, piga picha ukuta huu, piga ule, nikamaliza. Nikiwa karibu kutoka ndio nikasoma habari za Wadu. Alikuwa mwalimu, akaacha chaki akashika brashi, watu wakamwita kichaa, naye akajipa jina Sane, Kiingereza hicho, yaani mwenye akili timamu! Na anaishi Naivasha, kaunti yetu hii hii.

Nikarudi ndani. Simu mfukoni, nikasimama mbele ya picha moja karibu saa nzima, nikisogea mpaka naona rangi ya mafuta ilivyorundikwa, brashi imeacha mifereji kama shamba lililolimwa juzi, halafu narudi nyuma hatua tano, mifereji inakuwa uso wa mtu ananiangalia. Machozi yalinitoka na sikuona haya.

Kwa hivyo chagua picha moja. Moja tu, ukae nayo. Usianze kuuliza inamaanisha nini, jiulize kwanza unaona nini, na kile kibandiko cha ukutani ukisome baada ya kuangalia. Usikimbie, nasema tena usikimbie.

Na hayo ya watu wa aina fulani tuache kabisa jamani. Elkana Ong'esa ni mchongaji wa kwetu Kisii na sanamu yake ya ndege wa amani iko kule Paris, makao makuu ya UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, sasa sisi tutaogopaje mlango wa Limuru Road? Wazazi, pelekeni watoto, msingoje shule iwapeleke.

Dada wa Kakamega, ukipata nauli tena niambie mapema. Nitatoka Nakuru tukutane Westlands asubuhi, tuingie pamoja.