Injini ya sataranji imekuwekea alama ya kosa? Angalia kwanza kama matokeo yamebadilika

Mkuu, umeuliza kwa nini tathmini ya injini (programu inayochambua mchezo; namba ya + ni nyeupe yuko mbele) ilishuka kutoka +9 hadi +4, ukawekewa alama ya kosa, na bado ukashinda kirahisi. Mimi hapo nisingehangaika. Zikibaki kete chache huwa naangalia kitu kimoja tu: nilikuwa nashinda, je, bado nashinda? Namba ikipungua ndani ya ushindi uleule, naipita.

Halafu +1 ya siku hizi si askari mmoja wa ziada. Tangu injini ya Stockfish, toleo la 15.1 la mwaka 2022, +1.00 ni nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, tena injini ikicheza na injini mwenzake, si sisi tuliobakiza sekunde 40.

Kosa la kweli ni kama hili. Mfalme mweupe yuko d4, askari wake e4, mfalme mweusi e7, zamu ya nyeupe. Mfalme akienda e5, kazi imekwisha, maana mweusi analazimika kumpisha. Ukisukuma askari e5, au ukimpeleka mfalme d5, ni sare. Mraba mmoja tu!

Mimi nilifundishwa na askofu. Nilikuwa na askofu wa miraba myeupe na askari wawili, g na h. Mwenzangu ana askari wa g peke yake. Nikabadilishana askari wa g nikijua nimemaliza. Mfalme wake akajichimbia h8, mraba ambao askari wangu wa h lazima aufikie ili awe malkia, nao ni mweusi, askofu wangu haugusi maisha. Nyumbani nikaweka mchezo kwenye programu ya zamani ya simu: bado inanipa zaidi ya +3, wakati hapo hata ukicheza mpaka asubuhi ni sare.

Kwa hiyo kete zikifika saba kushuka chini, wafalme wakiwemo, achana na tathmini, fungua Syzygy, hifadhidata yenye majibu ya hali zote za kete chache (ya kete saba ilikamilika 2018). Yenyewe haikisii, inasema ushindi, sare au kushindwa. Ila usiige kila hatua yake. Inahesabu umbali wa kufikia kula kete au kusogeza askari, kwa sababu ya kanuni ya hatua 50 (zikipita bila hayo mawili, mchezaji anaweza kudai sare), kwa hiyo wakati mwingine inakushauri utoe kete bure ili hesabu ianze upya.

Kete zikizidi saba, iache injini icheze yenyewe hatua ishirini hivi. Ikishikilia +2 ileile huku wafalme wanazungukazunguka tu, mpinzani kajenga boma, yaani ulinzi usiopenyeka, na hiyo +2 isome kama sare.