Saumu yako inajua ratiba ya lori

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka saba, tuna watoto wawili, tunaishi Pangani, Nairobi. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Hurudi Jumatano usiku na kuondoka Ijumaa baada ya swala. Tangu nianze kuhudhuria darsa najitahidi kufunga sunna za Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu mara nyingi nashindwa kwa uchovu wa saluni, lakini Alhamisi sikosi. Yeye hafurahii. Wiki jana alileta changu wawili kutoka Mombasa. Nilimpikia mmoja, nikamwambia mimi nimefunga. Alikula tonge mbili akafunika sahani. Mamake, anayekuja kila Alhamisi kumwona mwanawe, amesema eti saumu yangu ina macho. Kuna siku 19 nadaiwa, 12 za Ramadhani ya mwaka juzi nikinyonyesha na 7 za hedhi za mwaka jana, lakini hizo nitalipa, Mungu ni mwingi wa rehema. Je, mume anayemzuia mkewe ibada si dhalimu? Nirudi kwetu nikaabudu kwa amani? — Mwenye Saumu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hizo tonge mbili. Chakula ulichokitolea jasho kikifunikwa mbele yako, kinauma. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara jicho limenasa kwenye siku. Jumatatu mumeo yuko kwenye foleni ya malori huko Malaba, nyumba ni yako, hakuna wa kukuuliza. Siku hiyo umechoka. Alhamisi ndiyo siku pekee anayoshinda nyumbani kutwa nzima, na siku hiyo saluni haichoshi, kichwa hakiumi, hukosi. Hii saumu imepewa ratiba ya lori na nani?

Eti ina macho! Mama mkwe wako ningempa safu hii aiandike wiki mbili nipumzike. Yeye ameona kwa kukaa mkekani tu kile ambacho wewe umekificha kwa kurasa mbili.

Nimetafuta pia mahali mumeo alipokuzuia. Sikupaona. Hakusema usifunge, hakukuamsha ule, hakukutukana. Amefunika sahani. Neno "ananizuia" umeliweka wewe.

Na hata angekuzuia, sheria ingekuwa upande wake. Mtume (S.A.W.) amekataza mke kufunga saumu ya sunna mumewe akiwapo ila kwa idhini yake, na hadithi hiyo imo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim. Mumewe akiwa safarini, hahitaji kumwomba mtu. Ramadhani ni jambo jingine. Hiyo ni faradhi, na mume hana usemi hata akinuna mwezi mzima. Sasa jitazame: Jumatatu uliyo huru unailala, Alhamisi inayotaka ruhusa unaifunga bila kuuliza. Umeivaa kanzu nje ndani, halafu unataka tukusifie mshono.

Tuje kwenye deni, ulilolipitisha haraka kama mtu anayempita mwenye duka anayemdai. Siku 19 ni faradhi. Mwenye hedhi hafungi, na akitoharika hulipa saumu ingawa halipi swala. Anayenyonyesha ana ruhusa ya kula, lakini ruhusa si msamaha. Zile 12 zimepitiwa na Ramadhani nyingine nzima. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, mwenye kuchelewesha mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta bila udhuru hulipa siku zake, na juu ya kila siku hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini, mchele au unga, kama nusu kilo na ushee. Kama ulikula kwa kumhofia mtoto peke yake, kuna kibaba kingine kwa kila siku ya hizo. Mpelekee ustadhi wa darsa hesabu hii akutazamie udhuru wako. Usimpelekee ile ya mume dhalimu.

Bibi Aisha mwenyewe alisema alikuwa na siku za kulipa na hakuweza kuzilipa mpaka Shaaban, kwa sababu ya kumshughulikia Mtume. Shaaban, mwezi wetu wa Mlisho, ule unaoishia na vunja jungu! Mke wa Mtume aliahirisha deni la faradhi kwa ajili ya mumewe. Wewe unamkwepa wako kwa sunna, na deni bado umelilalia. Dawa ya deni kulipa, na Jumatatu zako zipo tele. Hapa Nairobi hatuna hata kisingizio cha siku ndefu. Mwaka mzima jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, dakika chache huku au kule, wakati wenzetu wa Ulaya kiangazi hufunga mpaka saa tatu au nne usiku.

Huko darsani bila shaka mmesoma kisa cha Salman na Abu Dardai, maswahaba wa Mtume. Salman alimtembelea nduguye akamkuta mkewe, Ummu Dardai, amevaa ovyo, hajijali. Alipomuuliza, akajibiwa kwamba ndugu yako hana haja na dunia. Chakula kikaletwa, Abu Dardai akasema nimefunga. Salman akasema sili mpaka ule, naye akala. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na watu wako wana haki kwako, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume aliposikia akasema Salman amesema kweli. Kisa hiki hutumiwa kuwaonya waume. Leo nakigeuza nikukabidhi wewe.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Zamani mke aliyechoka na mume alisema nimechoka na wewe, wazee wakaitwa, kahawa ikamiminwa, likaisha au likavunjika. Siku hizi kila mtu ana maficho yenye heshima. Mwanamume hujificha msikitini mpaka saa nne usiku kumbe yuko barazani anapiga soga, mwanamke hujificha kwenye darsa, kwenye simu, kwenye chama. Na wanaume msicheke. Nawajua mnaolala mchana kutwa Ramadhani, halafu adhana ikilia mnauliza kaimati ziko wapi, tambi ziko wapi, kwa nini sambusa ni za ndengu.

Kuna sababu unamkimbia huyu bwana siku yake moja, na sababu hiyo haimo kwenye barua. Kama anakupiga au ana nyumba nyingine Malaba, niandikie hiyo, nami nitakuelekeza kwa Kadhi bila kusita. Kama ni kwamba miaka saba imepita na hamjui tena mzungumze nini, mwambie hivyo kwa mdomo wako. Kwenu usirudi. Mama yako atakuuliza siku ya kwanza umekuja kufanya nini, na "kufunga" hatakubali.

Jumatatu hii amka daku, ulipe siku ya kwanza kati ya 19. Alhamisi ukitamani sunna, muulize kabla hajalala. Akikataa, kula naye. Na yule changu wa pili aliyebaki kwenye friza, mtoe Jumatano jioni ayeyuke taratibu.