Kisanduku cha namba: acha kulinda vitufe, kagua thamani

SWALI: Naandika programu ya kompyuta kwa C# na Windows Forms. Fomu yangu ina kisanduku cha kiasi, na nimezuia herufi kwa kutumia tukio la KeyPress na char.IsDigit, inayotambua tarakimu. Hata hivyo mtumiaji mmoja ameweza kuingiza maneno, na alipobofya Hifadhi programu ikajifunga kwenye int.Parse, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili (int). Isitoshe, kitufe cha kufuta hakifanyi kazi. Nimekosea wapi, mtaalamu?

JIBU: Ndugu msomaji, la kitufe cha kufuta ni jepesi. KeyPress hukipokea nacho kama alama, na kwa kuwa si tarakimu, umekikataa. Ukiruhusu pia alama za udhibiti, zinazotambuliwa na char.IsControl, kitarudi kufanya kazi. Lakini naomba usiishie hapo, maana tatizo lenyewe liko kwingine.

KeyPress huona kitufe kimoja kimoja kinapobonyezwa. Haioni kilichomo ndani ya kisanduku. Mtu akibofya kitufe cha kulia cha kipanya na kubandika maneno aliyonakili kwingine, tukio hilo halitokei kabisa, na maneno yanaingia yote. Nadhani ndivyo alivyofanya huyo mtumiaji wako, na hakukosea chochote: kubandika ni haki yake.

Hata tarakimu tupu hazitoshi. Kisanduku kikiachwa wazi, int.Parse inatoa hitilafu. Mtu akiandika 99999999999, kila kitufe alichobonyeza ni halali, lakini int inaishia 2,147,483,647, kwa hiyo hitilafu tena. Na char.IsDigit yenyewe hukubali tarakimu za maandishi mengine, kama ٣ ya Kiarabu, ambazo int.Parse haizisomi. Ukiruhusu namba hasi, alama ya kutoa peke yake si namba, lakini mtu hawezi kufika kwenye -5 bila kupitia hapo. Ndiyo sababu sipendi kumkaripia mtu akiwa bado anaandika. Mwache amalize, kisha ukague alichoandika.

Mahali pa kufanya hivyo ni tukio la Validating, linalotokea mtu anapotoka kwenye kisanduku:

private void txtKiasi_Validating(object sender, CancelEventArgs e)
{
    bool sawa = decimal.TryParse(txtKiasi.Text.Trim(),
        NumberStyles.AllowDecimalPoint,
        CultureInfo.CurrentCulture, out decimal kiasi)
        && kiasi > 0 && kiasi <= 5000;

    errorProvider1.SetError(txtKiasi,
        sawa ? "" : "Andika kiasi zaidi ya 0, kisichozidi 5000.");
    e.Cancel = !sawa;
}

TryParse haitoi hitilafu; inajibu ndiyo au hapana. errorProvider1 ni kijenzi cha ErrorProvider kwenye fomu, kinachoonyesha alama ya kosa kando ya kisanduku. Ukomo wa 5000 ni mfano tu, weka wako. Kama kiasi chako hakina desimali, tumia int.TryParse na NumberStyles.None.

Sasa tazama hiyo NumberStyles.AllowDecimalPoint, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Usipoitaja, decimal.TryParse hukubali pia alama ya kutenganisha maelfu, wala haihakiki kama imekaa mahali pake. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani, mtu akiandika 1,5 akimaanisha moja na nusu, anapata 15. Kwenye iliyopangwa kwa Kijerumani ni kinyume: 1.5 ndiyo inayogeuka 15, kwa sababu huko mkato ndio alama ya desimali. Hakuna onyo, hakuna hitilafu. Programu inayojifunga utaijua siku hiyohiyo. Iliyohifadhi mara kumi ya kiasi halisi unaweza kuigundua baada ya miezi, hesabu zikiwa zimeshaharibika. Ni heri kumrudisha mtu aandike upya kuliko kukisia alichokusudia.

Kuna mtego mmoja kwenye e.Cancel. Kwa kawaida inamfungia mtu ndani ya kisanduku: hawezi kwenda kingine, hawezi kubofya Ghairi, na hata kufunga fomu kunakataliwa. Kwangu huo ni ukatili kwa mtumiaji. Weka sifa ya AutoValidate ya fomu kuwa EnableAllowFocusChange ili aweze kuzunguka huku alama ya kosa ikibaki inaonekana, kisha kwenye kitufe cha Hifadhi uanze na if (!ValidateChildren()) return, ili kisihifadhiwe kitu chenye kosa. Kitufe cha Ghairi kipe CausesValidation yenye thamani false, ili kukibofya kusianzishe ukaguzi.

Huenda utashauriwa kutumia NumericUpDown, kisanduku cha namba chenye vishale vya kupandisha na kushusha, badala ya haya yote. Ni nzuri kwa namba ndogo, ila ukomo wake wa mwanzo ni 0 hadi 100 bila desimali, na mtu akiandika 250 inamrudisha kwenye 100 kimyakimya. Ukiitumia, panga kwanza Minimum, Maximum na DecimalPlaces.

Na kama fomu ina namba ya simu, isibaki kwenye mkumbo huu. Hiyo ni maandishi yenye tarakimu, haijumlishwi wala haigawanywi, na ukiigeuza kuwa int sifuri ya mwanzo inapotea. Ihifadhi kama string, yaani aina ya data ya maandishi.

Ukishabadilisha, jaribu kisanduku kwa mkono: kiache wazi, weka nafasi tupu, andika alama ya kutoa peke yake, 1,5 na 1.5, 99999999999, kisha bandika sentensi nzima kwa kipanya. Halafu badilisha mipangilio ya eneo ya kompyuta, ufungue programu upya na kurudia.