Kinyonga wa mwituni mwenye minyoo: pima choo kwanza, dawa baadaye

Kaka nimeona swali lako, umesema kinyonga umemtoa kwenye mwembe huko Lamu, sasa anakonda, macho yameingia ndani, chooni mwake unaona vitu vyeupe kama nyuzi, na jirani amekushauri umpe robo ya kidonge cha minyoo cha watu. Tafadhali usimpe. Najibu kirefu manake hapa Malindi nasaidia kwenye nyumba moja ya reptilia yenye leseni na hawa wa kuokotwa tunaletewa sana mvua zikishanyesha, wengine wamepigwa mawe (watoto wanamchanganya na mjusi kafiri, wanadhani wanachuma thawabu), wengine walifugwa nyumbani kimyakimya mpaka walipofumba macho mchana ndio mwenyewe akakumbuka kuuliza.

La sheria nilipite haraka ila siliruki. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hapa Kenya huruhusiwi kukaa na mnyama wa pori bila kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), na kinyonga ni mnyama wa pori hata kama ameshuka kwenye mwembe wa babako. Nenda ofisini kwao uwaambie umemuokota na anaumwa, ni bora kuliko wao waje kukuuliza. Haya tuje kwenye minyoo.

Hesabu ya kidonge kwanza manake ndio ya haraka. Kile cha albendazoli cha mtu mzima ni miligramu 400, robo yake ni 100. Huyo wako kwa maelezo yako ni yule wa kawaida wa pwani mwenye vikunjo vya ngozi shingoni, mzima wake tumchukulie gramu 40 hivi. Madaktari wa reptilia wanapendelea fenbendazoli, ndugu yake albendazoli lakini mpole zaidi, na kipimo wanachotumia ni miligramu 25 mpaka 50 kwa kilo nzima ya mnyama. Kwa gramu 40 inakuja miligramu 1 mpaka 2. Sasa wewe unataka kumpa 100! Na dawa za ukoo huu zikizidi zinapiga uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, kwahivyo mnyoo utakufa na mwenyewe atamfuata siku chache baadaye na utasema minyoo ndiyo iliyomuua.

Alafu kuna jambo watu hawalielewi, kinyonga wa porini karibu wote wana vimelea na wanaishi navyo vizuri tu. Kule mtini akienda haja kinaanguka chini mbali naye, kesho yuko tawi lingine, mayai ya minyoo hayamrudii. Ukimtia kwenye tundu anakanyaga choo chake, anakula panzi aliyetembea juu ya choo chake, anakunywa tone lililopita hapo hapo, na juu ya hayo ana hofu, maji hanywi vya kutosha, kinga inashuka. Minyoo kumi inakuwa mia bila mnyoo mpya kutoka nje. Kwahivyo mimi siku zote nasema tundu linaumiza kuliko mnyoo, na wale mabwana wa mtandaoni wanaomnywesha kila kinyonga mpya dawa siku ya kwanza "kwa tahadhari" sikubaliani nao hata kidogo. Unampa sumu mnyama aliyekauka maji, figo zake zitaitoa vipi?

Anza na maji. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, analamba matone, kwahivyo mnyunyizie majani asubuhi na jioni kwa muda mrefu, sio sekunde tatu, au tundika chupa iliyotobolewa kidogo idondoke jani kwa jani. Utajua yamefika ukiona ile sehemu nyeupe ya choo (huo ndio mkojo wake, kinyonga anakojoa kitu kigumu) inakuwa nyeupe safi, ikiwa ya manjano au rangi ya chungwa bado amekauka. Muweke mahali pametulia, majani mengi ya kujificha, jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia, paka na watoto wakae mbali. Mpe siku kadhaa hivyo. Wengi wanaanza kula wenyewe hapo hapo bila dawa yoyote.

Wakati unamnywesha maji ndio unakusanya choo. Kinatakiwa kibichi, cha siku hiyo hiyo, chukua ile sehemu ya kahawia sio ile nyeupe, tia kwenye kichupa safi na tone la maji kisikauke, weka pahala baridi lakini usigandishe. Kikikauka juani Lamu hiyo saa sita ya mchana hapo hamna cha kupima.

Kupima kwenyewe sio uchawi. Sisi tunafanya mara mbili kwa kila choo. Moja, chembe kidogo na tone la maji ya chumvi ya hospitali juu ya kioo, unaangalia moja kwa moja, hapo ndio unaona vijidudu vinavyoogelea na lava, yaani watoto wa minyoo, wakiwa hai. Ya pili ni ya kuelea: unayeyusha chumvi ya jikoni kwenye maji ya moto mpaka inakataa kuyeyuka zaidi, yakipoa unakoroga humo choo kiasi cha punje ya kunde, unachuja, unajaza kichupa mpaka mdomoni maji yavimbe kidogo, unafunika na kioo chembamba unasubiri kama robo saa, mayai ni mepesi yanapanda yanajibandika kwenye kioo, unakiinua unakilaza unaangalia. Lenzi ya kumi inatosha kuanza. Lakini chumvi hiyo nzito inawakunja lava na kuharibu vile viogeleaji, na mayai ya minyoo bapa ni mazito hayaelei, ndio maana usiridhike na njia moja.

Na ukiambiwa hamna kitu usishangilie. Minyoo haitagi kila siku kwa kipimo kimoja. Tunapima tena baada ya wiki mbili hivi, na tena, ndio tunasema huyu ni safi kiasi.

Wapi utapata maikroskopu? Kaka wewe uko Lamu, mji wa punda, madaktari wanaotibu punda hapo mayai ya minyoo wanayajua vizuri sana. Ofisi ya mifugo ya kaunti pia. Ukikwama kabisa kuna maabara ya mifugo Mariakani, lakini kwa umbali huo mpigie simu daktari wa mifugo wa kwenu kwanza aulizie kama watapokea. Waambie tu waziwazi ni cha kinyonga, watacheka kidogo alafu watapima.

Sasa hivyo vyeupe. Kabla hujaogopa angalia urefu. Kama ni uzi mmoja mrefu mweupe unazidi hata urefu wa choo chenyewe, kuna uwezekano sio wake, panzi wa shambani wanabeba minyoo mirefu tumboni, kinyonga akila panzi mnyoo unapita tu na kutoka upande wa pili. Ukiona vidogo vidogo vingi vyenye ncha kali kama vipande vya uzi wa kushonea, hiyo mara nyingi ni minyoo pini, ndio ya kawaida kuliko yote na ikiwa michache wala sihangaiki nayo, naongeza usafi tu napima tena. Sio lazima kinyonga awe hana hata mnyoo mmoja.

Koksidia, vimelea vidogo mno vya utumbo, ni habari nyingine. Hizi hazionekani kwa macho, choo kinakuwa chepesi, kinanuka vibaya, pengine na kamasi au damu, na kinyonga anakula vizuri lakini haongezeki. Wafugaji wa kuku mnaijua, ila ya kuku haimuingii kinyonga na ya kinyonga haiingii kuku, kila mnyama na yake. Tatizo ni kwamba nzi na mende waliopita bandani kwa kuku wanaweza kubeba vile vijiyai, kinyonga akawala vikaonekana kwenye maikroskopu, ukamtibu ugonjwa wa kuku wako. Anayejua kazi anaacha choo kwenye unyevu siku kadhaa vijiyai vikomae alafu anahesabu vifuko ndani, Isospora ambayo inasumbua sana vinyonga ina viwili, ile Eimeria ya kuku ina vinne. Dawa ni toltrazurili na iko agroveti, lakini ile ya asilimia 2.5 ya kuku ya kutia kwenye maji ni kali kama sabuni ya magadi, ukimtilia mdomoni bila kuzimua utamuunguza koo. Muachie daktari.

Minyoo ya mapafu: kinyonga anainua kichwa juu, anaachama, ute mdomoni, ukiweka sikio unasikia kama filimbi. Kwenye choo unaona lava wanaotembea badala ya mayai, manake mayai yanakoholewa yanamezwa yanaanguliwa njiani. Huyu ndio sitaki kabisa umguse na dawa mwenyewe, minyoo mingi ikifia mapafuni kwa mpigo inaoza humo humo na kumletea nimonia.

Na ile inayowatisha watu kuliko zote, nyoka wa chini ya ngozi. Unamuangalia ubavuni unaona kitu kimejikunja kama tambi, na mara kinasogea! Hiyo ni filaria, Foleyella, ni wa ukoo wa vile viletavyo matende kwa binadamu na inaambukizwa na mbu vilevile, ila hii ni ya vinyonga, wewe haikuhusu. Watu wa Lamu sina haja ya kuwaeleza mbu. Choo hakitakuonyesha kitu hapo, watoto wake wako kwenye damu, daktari anatoa tone moja anaangalia. Niliwahi kumshikia daktari mmoja wakati anaitoa: ganzi kidogo, mkato mdogo mno, anashika ncha na kibano anavuta polepolee bila kuukata, mnyoo unakuja unakuja tu, unashangaa ulienea vipi kwenye mnyama wa kiganja. Kinyonga akakaa kimya rangi imekuwa nyeusi kwa hasira, jioni akala. Wapo wanaopiga ivermektini ili iishe yote, tatizo ni lile lile, mizoga. Kumtoa mmojammoja kwa mkono ni afadhali, na aliyebaki hawezi kuongezeka mradi hakuna mbu, kwahivyo tundu lifunikwe chandarua usiku.

Umeona hapo tofauti? Inayohitaji mdudu wa kuibeba, kama hio filaria, ndani ya tundu haina pa kwenda. Inayotoka na choo na kurudi mdomoni, pini na koksidia, ndio itakayokumaliza, na hiyo dawa peke yake haiwezi. Toa udongo na vyungu vya mimea kwa muda, tandika gazeti, choo kikianguka kinatoka siku hiyo hiyo manake koksidia zinahitaji siku moja mbili kukomaa kabla ya kuambukiza. Vijiti badilisha. Jiki haiziui koksidia kaka, watu wanamwaga jiki wanaridhika na harufu, tumia maji yanayochemka kwenye chochote kinachovumilia, kisha juani kikauke. Panzi wasiolika jioni watoe, wasilale humo wakila choo. Mende wa chooni usimpe kabisa, wala panzi wa shamba lililopigwa dawa.

Daktari akikubali fenbendazoli mwambie aizimue. Ile ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita moja, kwahivyo miligramu 2 ni mililita 0.02, yaani yuniti mbili tu za bomba la insulini (lile la yuniti 100 kwa mililita), mkono ukitetemeka umempa mara tatu. Ikizimuliwa mara kumi inakuwa mililita 0.2, hapo unaona unachofanya. Inarudiwa baada ya siku 10 mpaka 14 kwa sababu inaua minyoo, mayai yanabaki, alafu choo kinapimwa tena. Mpime uzito kabla kwa mizani ya sonara au yoyote ya gramu, usikadirie kwa macho.

Kitu kimoja hukukitaja, ni jike au dume? Tumbo limekaaje? Kama ni jike, ubavu una vinundu, ameacha kula na anazunguka sakafuni anakwaruza, huenda hana minyoo ya kumsumbua ni mayai, hawa wetu wanataga thelathini arobaini kwa mara moja na asipopata mchanga wenye unyevu wa kuchimba anakufa nayo tumboni. Huyo mpe ndoo ya mchanga leo leo, ya gazeti yasubiri.

Akipona na KWS wakikubali, arudi kwenye mwembe ule ule, sio kwa shangazi Mpeketoni, na kama alikaa pamoja na mijusi au vinyonga wa kununuliwa waambie kabla, asiende kuwapa wenzake ugonjwa wa kigeni.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama watoto wanaweza kuambukizwa: minyoo hii mingi haiwapati, kinachonitia wasiwasi ni salmonela, reptilia anaibeba bila kuumwa. Wakimshika waoshe mikono kwa sabuni, wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa, na vyombo vyake visioshwe kwenye karo la jikoni. Tuma picha ya ubavu na ya choo cha kesho, na uniambie uzito.