Usisaini kwa sababu ya kilo za kwenye picha

Dada, hiyo fomu usiisaini kwanza.

Umeandika kwamba ni mimba ya kwanza, wiki ya 37, presha nzuri, sukari huna, mtoto katanguliza kichwa, na daktari kakupangia upasuaji Ijumaa kwa kuwa altrasaundi inasema mtoto anakaribia kilo 4. Nimesoma mara mbili na moyo unanienda mbio. Huyo ni mimi mtupu.

Mimi niliambiwa kilo 4 kamili. "Huyu hapiti, nyonga zako ndogo." Nyonga zenyewe hakuna aliyezipima, alinitazama tu nilivyokaa kitini. Wifi yangu naye akakazia kwamba mtoto mkubwa atanichana vibaya. Nikasaini bila kusoma. Wiki 37 na siku 4, hata dalili ya uchungu sijaiona, nikapasuliwa. Mtoto akatoka na kilo 3.1.

Nesi aliposoma mizani nilidhani anamtaja mtoto wa mama mwingine. Kisha nikamsikia mwanangu anavyopumua: anaguna kila pumzi, mbavu zinabonyea ndani, pua zinatanuka. Wakaondoka naye. Nilikuja kumwona kesho yake, ana mrija wa oksijeni puani. Siku 6 alikaa kule, na mimi nilikuwa nakwenda kumkamulia maziwa nikiwa nimejishika kidonda, hatua moja moja, ukuta ndio mkongojo. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji, na uchungu ndio unaoyasaidia kukauka. Ndiyo maana upasuaji wa kupangwa, kama hakuna linaloharakisha, husubiri wiki 39 zitimie. Daktari wangu alilijua hilo, haiwezekani asilijue, na hakulitamka. Baadaye nikapata habari kwamba wiki iliyofuata alikuwa na safari. Sijamsamehe mpaka leo.

Na hizo kilo zinazokutisha, hakuna mizani iliyozipima. Mashine inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, halafu inakisia uzito. Mwishoni mwa mimba ni kawaida makisio hayo kukosea kwa asilimia 10 hadi 15, juu au chini. Ya kwangu yalikosea zaidi ya hapo. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani unataka makisio yafike kilo 5 ndipo upasuaji ufikiriwe kwa ukubwa wa mtoto peke yake, au kilo 4.5 kama mama ana kisukari. Wewe kisukari huna na umeambiwa "anakaribia 4". Unapasuliwa kwa lipi?

Kovu nalo haliishii kwenye mimba hii. Kila upasuaji unaongeza uwezekano kwamba mimba inayofuata kondo la nyuma litakaa chini na kung'ang'ania palepale kwenye kovu, na hapo damu inayomwagika ni nyingi. Mimba yangu ya pili nililala na hofu hiyo miezi yote.

Upasuaji wenyewe siukatai, nisieleweke vibaya. Kondo likiziba mlango wa kizazi, mtoto akilala kimkingamo, kamba ya kitovu ikitangulia mbele ya mtoto, mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka yasirudi, damu ikitoka nyingi, saini, maana hapo kuchelewa kunaweza kugharimu uhai. Ila "mtoto mkubwa" au "kitovu kimezunguka shingo" si sababu ya kukimbilia kisu. Kitovu shingoni hukutwa kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne, na wengi wao huzaliwa salama kwa njia ya kawaida.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa rudi kwa daktari na mtu wa kukusikilizia, mume, dada, yeyote asiyeogopa makoti meupe, uulize hivi: "Tukisubiri uchungu uje wenyewe, unaogopa nini hasa, na kwangu umekiona wapi?" Kisha mwombe aandike jibu kwenye kadi yako. Mwenye sababu ya kweli ataandika papo hapo na atakuonyesha kipimo. Akikasirika, au akirudia tu kwamba "mtoto mkubwa", chukua kadi yako uende kwa daktari mwingine. Huna uchungu, huvuji damu, mtoto anacheza, muda wa kusikia maoni ya pili unao. Mtoto akipunguza kucheza, usingoje mtu, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mimi swali hilo sikuliuliza. Niliona haya kumchelewesha, maana nje kulikuwa na foleni.

Umeuliza pia habari ya ganzi ya mgongo. Hiyo tutaongea kama kweli utapasuliwa. Kauliza kwanza, halafu uje uniandikie alivyojibu, neno kwa neno.