Maswali ya Wasomaji: Je, Pikipiki Hushusha Hadhi ya Mtu Kazini?

Miongoni mwa barua zilizotufikia, nne zinauliza karibu jambo lile lile kutoka pande tofauti, kwa hiyo nimeona vyema nizijibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na hivi karibuni nimepandishwa cheo, jambo linalonikutanisha na wateja wakubwa karibu kila juma. Tangu nianze kazi nimekuwa nikisafiri kwa pikipiki. Juzi mkuu wangu wa idara alinikuta kwenye maegesho nikivua helmeti, akaniambia kwa upole kwamba mtu wa nafasi yangu angefaa kufikiria usafiri mwingine, kwa kuwa wateja wanaweza kutuona kuwa ofisi isiyo makini. Pikipiki naipenda, na inanifikisha kwa wakati. Je, niiuze? *Mkaguzi*

JIBU: Ndugu Mkaguzi, usiiuze, walau si kwa sababu hiyo. Hata hivyo, maneno ya mkuu wako usiyatupilie mbali, kwa maana hofu yake ina mizizi, na ukiijua mizizi hiyo utaweza kumjibu bila kukwaruzana naye.

Taswira ya mwendesha pikipiki kama mtu mkorofi ilitengenezwa. Mwezi Julai 1947, mkusanyiko wa mashindano ya pikipiki katika mji mdogo wa Hollister, California, uliharibika kwa ulevi na fujo, na jarida la Life likachapisha picha ya mwanamume aliyekaa kwa kulegea juu ya pikipiki, chupa ya bia mkononi na chupa tupu nyingi zikiwa zimezagaa chini ya magurudumu. Shahidi mmoja alieleza baadaye kwamba chupa hizo zilikusanywa na kupangwa kwa ajili ya picha, lakini ufafanuzi huo haukuwa na nguvu ya picha yenyewe. Sinema zikafuata, na jaketi jeusi la ngozi likageuka alama ya mtu asiyetaka kutawaliwa. Mtu ambaye hajawahi kupanda pikipiki anaweza kuwa amebeba taswira hiyo bila kukumbuka ameipata wapi.

Ipo historia nyingine isiyosimuliwa sana, na hiyo ndiyo inayokuhusu wewe. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Vespa, iliyobuniwa na mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio, ambaye kwa kweli hakuzipenda pikipiki za wakati wake kwa sababu zilichafua nguo. Aliifunika injini, akaweka ngao mbele ya miguu, akaacha nafasi ya kupitisha mguu bila kuurusha juu ya kiti, ili hata aliyevaa sketi au suti afike akiwa safi. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilifuata fikra hiyo hiyo kwa ngao yake ya miguu na cheni iliyofunikwa, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100. Katika miaka ya 1960 Honda iliitangaza nchini Marekani kwa picha za akina mama, wanafunzi na watu waliovaa nadhifu, kwa makusudi kabisa ya kufuta taswira ya magenge ya wakorofi. Kwa hiyo kwenda kazini kwa pikipiki ukiwa na nguo za kazi si ukaidi wa kijana asiyetaka kukua. Vyombo maalumu vimekuwa vikiundwa kwa ajili hiyo tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa tuje kwako. Mkuu wako hakukuona ukiendesha, alikuona ukifika, na tofauti hiyo ni kubwa. Mtazame mtu dakika tano baada ya kuvua helmeti: paji la uso lina alama nyekundu ya sponji ya ndani, nywele zimelala upande mmoja, kola ya shati imepinda mahali jaketi lilipobana, na kuzunguka macho kuna mstari wa vumbi ambao yeye mwenyewe hauoni. Kuna pia jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Kelele ya upepo ndani ya helmeti, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzidi desibeli 90, na mtu aliyetoka kwenye kelele hiyo bila kuziba masikio huzungumza kwa sauti ya juu kwa muda bila kujua. Mteja anayepokewa na mtu mwenye alama usoni na sauti ya juu hatafikiria pikipiki, bali atahisi kwamba aliyempokea ana haraka au amevurugika.

Dawa yake ni muda. Panga kufika robo saa kabla ya wengine, na robo saa hiyo uihesabu kuwa sehemu ya safari. Vaa viziba masikio njiani. Koti la suti liache ofisini kwenye kiango chake, kwa sababu hakuna namna ya kulikunja ndani ya begi la mgongoni ambayo haitalivunja mabega, na kama unanunua suti mpya, chagua ya sufu, ambayo hujinyoosha yenyewe kuliko ya pamba. Viatu vya kazini navyo vibaki ofisini, kwani kiatu cha mguu unaobadilisha gia huchubuka juu ya kidole gumba, na alama hiyo haifutiki kwa rangi ya viatu. Nawa uso, chana nywele, weka helmeti kabatini. Helmeti iliyowekwa juu ya meza ya mkutano huwa ndiyo kitu cha kwanza kinachozungumzwa, na wewe unataka hesabu zako ndizo zizungumzwe.

Siku ya kwenda kwa mteja ofisini kwake, ambako huna kabati wala chumba cha kubadilishia nguo, tafuta usafiri mwingine au panda gari la mwenzako bila kuona kwamba umeshindwa. Mtu anayejua lini chombo chake kinafaa na lini hakifai huaminika zaidi, na mkuu wako ataliona hilo. Mwendee umwambie waziwazi kwamba umelifikiria neno lake, na kwamba wateja hawatakutana na vifaa vya safari bali na wewe uliyejiandaa. Kisha mwombe akuambie kama kuna malalamiko yoyote mahususi. Ikiwa hayapo, naamini jambo hilo litaishia hapo.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni wakili kijana, mwanamke, na naendesha pikipiki kwenda kazini. Wenzangu wananiambia kwamba haipendezi, na dada mmoja wa makamo ofisini amesema mwanamke wa sheria hapandi chombo cha vijana wa kupeleka vifurushi. Ili nisionekane ovyo, nimeacha kuvaa jaketi lenye kinga na buti. Siku hizi navaa blauzi, sketi na viatu vya visigino, na kwa safari fupi wakati mwingine helmeti naining'iniza mkononi ili nisiharibu nywele. Je, nimefanya vyema? *Wakili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, hujafanya vyema, na nakuomba usisubiri hata kesho kulibadilisha hilo.

Mwaka 1935 T. E. Lawrence, aliyejulikana duniani kwa mambo ya Vita Kuu ya Kwanza, alianguka na pikipiki karibu na nyumbani kwake Uingereza. Hakuwa na helmeti, na akafariki baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye kifo hicho kilimsukuma kuchunguza majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki. Mwaka 1941, katikati ya vita, alichapisha matokeo yaliyoonyesha umuhimu wa helmeti, na jeshi la Uingereza likawaamuru tarishi wake wa pikipiki wazivae. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 na Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kujeruhiwa kichwa kwa takriban asilimia 69. Safari fupi haibadilishi hesabu hiyo, kwa sababu lami ya mtaa wa karibu ni ngumu sawasawa na ya barabara kuu.

Nguo nazo zina kazi yake. Kiwango cha Ulaya cha EN 17092 hupanga mavazi ya waendesha pikipiki kwa madaraja kulingana na yanavyostahimili kuburuzwa na kuchanika, la juu likiwa AAA, likifuatwa na AA na A. Blauzi ya ofisini haimo katika daraja lolote. Ukianguka, inaisha kabla hujaacha kuteleza, na kinachofuata ni ngozi yako. Yapo mavazi yaliyoshonwa makusudi kuvaliwa juu ya nguo za kazi, kipande kimoja chenye zipu ndefu kutoka shingoni hadi mguuni, ambayo aliyezoea huyavua chini ya dakika moja na kubaki na suti yake. Ukiweza kuyapata, ndiyo ninayokushauri. Usipoweza, jaketi lenye kinga za mabega na viwiko pamoja na suruali madhubuti vitakufaa, nayo sketi na visigino vikusubiri kazini. Kuhusu nywele, kofia nyepesi ya hariri chini ya helmeti husaidia, na mitindo iliyolala kichwani huvumilia kuliko iliyosimama. Jihadhari tu na mafundo mazito kisogoni, yanayoizuia helmeti isikae sawasawa.

Nirudi kwa maneno ya yule dada. Wanaopeleka vifurushi wanafanya kazi ngumu na ya halali, barabarani kutwa, jua na mvua, na sioni heshima gani anayoipoteza mtu kwa kupanda chombo wanachopanda wao. Kwa kuwa yeye ni mkubwa wako, mjibu kwa adabu, tena mara moja tu, kwamba unashukuru kwa kukujali na kwamba umeridhika na usafiri wako. Baada ya hapo, kila anaporudia, mwamkie na uendelee na kazi. Wakili hupimwa kwa jalada lililosomwa, kwa muda wa mahakama usiokosewa na kwa hoja zilizopangwa, na katika ofisi nyingi nilizozifahamu maneno ya usafiri hupungua kadiri mambo hayo matatu yanavyoonekana. Jambo moja ndilo litakalowapa la kusema kwa haki, nalo ni kuingia mahakamani umelowa. Kwa hiyo koti na suruali za mvua zisitoke kwenye begi lako majira yote, na shati la akiba lisikosekane ofisini.

SWALI: Naenda kufanya usaili wa kazi benki. Je, niandike kwenye wasifu wangu kwamba napenda pikipiki? Na helmeti nifanye nayo nini? *Mtafuta kazi*

JIBU: Usiandike, isipokuwa kama inaonyesha uwezo unaohitajika, kwa mfano ukiwa umewahi kufundisha uendeshaji salama au kusimamia fedha za chama cha waendeshaji. Nafasi ya wasifu ni ndogo. Siku ya usaili, kama hukupata usafiri mwingine, fika mapema sana, uegeshe mbali kidogo na mlango, ubadilishe nguo mahali pengine, na umwombe mtu wa mapokezi akuhifadhie helmeti na jaketi. Mwombe kwa heshima, maana watu wa mapokezi mara nyingi huulizwa baadaye walikuonaje.

SWALI: Mhariri, mimi ni meneja. Kijana mmoja katika idara yangu huja na pikipiki yenye mngurumo unaosikika hadi ghorofani, na mara nyingine anapita ukumbini akichuruzika maji. Kazi yake ni nzuri. Nafikiria kuwakataza wafanyakazi wote wanaokutana na wateja kuja na pikipiki. Je, nitakosea wapi? *Meneja*

JIBU: Ndugu Meneja, utakosea katika kuwaadhibu wengi kwa kelele ya mmoja. Malalamiko yako ni mawili, na yote mawili yanazungumzika. Pikipiki inayotoka kiwandani huwa na ekzosi iliyopimwa kelele. Inayonguruma hadi ghorofani kwa kawaida imebadilishwa, au kizuia sauti chake kimetolewa au kimeoza. Mwite kijana faraghani, umweleze kwamba mngurumo wake unasikika watu wakiwa kwenye simu na wateja, na umpe muda wa kurekebisha. Mwambie hilo tu, bila kugusa pikipiki kwa jumla wala kumuuliza kwa nini hanunui gari, kwani hilo si lako kuuliza.

Maji ya ukumbini ni jambo lako zaidi kuliko lake. Mtu aliyelowa atavulia wapi kama jengo halina mahali? Kabati moja lenye kufuli karibu na mlango wa nyuma, ndoano imara za kutundika makoti ya mvua, na trei ya kukingia maji chini yake vitamaliza tatizo hilo. Tena vitawaondolea wafanyakazi wako kishawishi kile alichotueleza Wakili hapo juu, cha kuacha vifaa vya kujikinga ili waonekane nadhifu mbele yako. Ukipata pia sehemu ya kuegesha iliyo tambarare na ngumu, ambako stendi haizami wala pikipiki haianguki juu ya gari la mteja, anza na hiyo, kisha ndipo umwite kijana mzungumze.